Walisema Tuzibe Nyufa

Kila mwaka, pale maua ya manjano yanapoanza kuchomoza kwenye nyasi za kando ya barabara na watu wa London wanapoanza kutoka bila kofia, redio huanza kunionya. Hunionya asubuhi ninapochemsha chai, hunionya tena ninapoosha vyombo, na simu nayo hulia mfukoni kukazia. Upepo unakuja kutoka mashariki. Theluji inakuja. Leo onyo ni la rangi ya manjano, kesho ni la machungwa, na likifika jekundu basi roho za watu zimo hatarini. Mwenye gari abebe blanketi na chupa ya chai. Mwenye mbwa asimwache uani. Mwenye jirani mzee akambishie hodi. Mimi huizima redio hiyo. Mume wangu huiwasha, nami huizima tena, na akiniuliza nina nini humwambia aniache. Anajua nina nini.

Sina ugomvi na theluji. Theluji haikumwahidi mtu kitu. Ugomvi wangu ni na waonyaji, hao wanaosema na watu wote kana kwamba watu wote wanakaa nyumba moja na kuota moto mmoja. Na ugomvi mkubwa zaidi ninao na mtu mmoja, ambaye mpaka leo nikikutana naye madukani Wembley hunipungia mkono. Sijawahi kumpungia.

Wakati huo nilikuwa sijaolewa. Nilikuwa nakaa Queensbury, humu humu London, na mdogo wangu na mumewe, katika nyumba ya kupanga yenye sebule na jiko chini na vyumba viwili juu. Mwenye nyumba alikuwa Mhindi wa Unguja. Alizaliwa Mjini, akaondoka mtoto pamoja na wazee wake baada ya Mapinduzi, na hakurudi tena. Siku tulipokwenda kuiangalia nyumba alitusikia tukinong'onezana kwamba ukuta una unyevu, akageuka na kutujibu kwa Kiswahili cha Mji Mkongwe kisicho na doa.

"Ukuta ntaupaka rangi, wanangu. Karibuni kwenu."

Mdogo wangu nusura amkumbatie. Tulikuwa tumeshazunguka nyumba nyingi, kila mahali tukiulizwa barua ya kazi, barua ya benki, barua ya mwenye nyumba aliyetangulia. Huyu hakutuuliza kitu ila tunatoka mtaa gani, na tulipomtajia akafumba macho kidogo, akatuuliza kama lile duka la kahawa la pembeni lingalipo. Alitupa ufunguo pamoja na sahani ya haluwa.

Ukuta hakuupaka rangi. Nataka hilo lieleweke mapema.

Boila ilikufa mwanzoni mwa mwezi wa pili. Aliye Unguja akisikia boila atadhani ni kitu cha maji ya kuogea tu. Huku ndiyo inayopasha nyumba nzima. Ikifa, mabomba yanapoa ukutani, vioo vya madirisha vinatiririka maji, na nguo ulizofua mwanzo wa wiki unazikuta mbichi mwisho wa wiki. Nikampigia simu mwenye nyumba. "Ntamleta fundi, mwanangu, kesho inshallah." Kesho yake akaleta mablanketi. Nikampigia tena, akaleta hita ndogo ya umeme, ambayo tukiiwasha pamoja na birika umeme wa nyumba nzima unakatika. Nikampigia tena, akaja na sambusa alizopika mkewe, akakaa kwenye kochi na koti lake mwilini, maana hata yeye aliihisi hiyo baridi, akatupigia hadithi za Darajani ya utoto wake mpaka tukasahau tulimwitia nini. Alituletea kila kitu isipokuwa fundi.

Na sisi tulimshukuru! Hilo ndilo linalonichoma. Kwa kuwa alisema nasi kwa lugha ya nyumbani, niliona haya kumpandishia sauti. Mwenye nyumba mwingine yeyote ningemfokea mpaka majirani wakatoka nje.

Katikati ya baridi hiyo mdogo wangu akajifungua mtoto wa kike, na mama akaja kutoka Unguja kumlea mzazi.

Mzazi kwetu haachwi hivi hivi. Siku arobaini ni za kulelewa yeye kuliko mtoto. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, ananyweshwa uji wa pilipili manga mpaka jasho limtoke puani, na chini ya kitanda chake inawekwa seredani, kijiko cha mkaa, yenye makaa yaliyoiva na vipande vya udi juu yake, ili joto limpande mgongoni na mwili wake ufunge. Baridi isimguse, upepo usimguse. Mama alituzaa sisi hivyo, na bibi alimzaa mama hivyo. Kwa hiyo mama alipotokea uwanja wa ndege, amevaa buibui na juu ya buibui koti la kuazima, sandukuni mwake mlikuwa na mkaja, habasoda, chupa za mafuta ya nazi, na seredani ya bati aliyoiviringishia kanga isibonyee.

"Mama, hii ya nini? Huku mkaa hauuzwi kwa kopo."

"Utapatikana," alisema. "Kwani wao hawali nyama choma?"

Tulicheka, mdogo wangu akajishika mshono akilia na kucheka. Seredani ikakaa pembeni mwa chumba cha mzazi, ikatiliwa nepi safi, na mama akajitahidi kwa birika na chupa za maji ya moto alizozifunga soksi. Alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Kila akimaliza kuchemsha maji ya kumkandia binti yake, yale ya mwanzo yameshapoa. Shemeji yangu alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko barabara za kaskazini, na mimi nilikuwa kazini tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani kwao: kuwaosha, kuwavisha, kuwapa dawa na chakula.

Halafu yakaja maonyo.

Mama aliipenda redio kuliko tulivyoipenda sisi. Hakujua Kiingereza, lakini aliijua sauti ya mtu anayesoma jambo zito, na kila ikisikika aliniita nimfasirie, amekaa na kikombe chake cha chai kama mtu anayesubiri matokeo ya uchaguzi.

"Wamesemaje sasa?"

"Wamesema barabara zitateleza, asiyekuwa na lazima asitoke."

"Hao wenye magari. Sisi tuliomo ndani je?"

"Wamesema tuvae nguo nyepesi nyingi kuliko moja nzito."

"Hilo nalijua."

"Wamesema tule na tunywe vitu vya moto."

"Hilo nalijua vilevile. Wametumwa na bibi yangu hao?"

"Wamesema tukae chumba kimoja, tufunge madirisha na milango, tuzibe nyufa zote zinazoingiza upepo. Hasa penye mtoto mchanga au mzee."

Mama akaweka kikombe chini. "Haa," akasema. "Hapo sasa wamesema."

Sijapata kumwona akitii serikali yoyote kama alivyoitii redio ile. Alipanda juu akaichana kanga kuukuu vipande virefu, akavisukumia kwa kisu kwenye nyufa za dirisha, kimoja kimoja, mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu. Akaviringisha taulo la kuwekwa chini ya mlango. Ukutani, juu karibu na dari, palikuwa na kitundu chenye matobo madogo madogo, ambacho waliojenga nyumba hiyo walikiweka ili chumba kipate hewa. Mama alipanda kiti, akakiziba kwa mto mdogo wa mtoto na kuupiga utepe wa gundi pembe zote. Mimi nilimshikia kiti. Tulisimama katikati ya chumba tukasikiliza, na kweli ule mluzi wa upepo ulikuwa umekoma. Tulifurahi sana.

Asubuhi yake Queensbury ilikuwa nyeupe na onyo lilikuwa jekundu. Redio ilisema mtu asitoke. Simu yangu ilisema nitoke. Kampuni niliyofanyia kazi ilituma ujumbe kwamba sisi ni wafanyakazi wa lazima, wazee wanatutegemea, tutafute njia. Kwa hiyo mwenye onyo alikuwa sahihi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Nilivaa suruali mbili, nikamwaga chumvi ya jikoni kwenye kizingiti ili mama asiteleze, nikaenda kwa miguu mpaka Wembley, nikishika kuta na vichaka vya watu. Mabasi yalikuwa yamesimama popote yalipokwamia, yamewasha taa, hayana mtu.

Mzee wangu wa Wembley alikuwa na joto. Nataka kulisema hili bila ya kumwonea wivu, kwani alikuwa mtu mwema aliyenisikitikia kwa kutoka. Lakini alikuwa na joto! Boila yake ilinguruma. Kwenye friji yake palikuwa na karatasi ya maonyo yenye maandishi makubwa ya kuwafaa wazee. Darini palikuwa na kidude cheupe cha kupiga kelele hewa ya sumu ikitoka kwenye boila, na kila nikienda nilitakiwa nikibonyeze kwa mpini wa ufagio nisikie kama kinalia. Nilikibonyeza siku ile vilevile. Kililia vizuri. Ndivyo London ilivyomlinda mzee yule, na mimi ndiye niliyekuwa mkono wake, na nyumbani kwangu darini palikuwa na doa la unyevu.

Huku nyuma mama alikuwa amempigia simu mwenye nyumba.

Alikuwa na namba yake, walizoea kuzungumza. Alimweleza, hivi ndivyo alivyonisimulia baadaye, kwamba binti yake anatetemeka, mtoto mikono yake imekuwa baridi, na yeye anayo seredani lakini hana mkaa. Mwenye nyumba akamwambia, "Usijali, bi mkubwa, nnakuja." Na akaja. Fundi hakuweza kuja kwa baridi, hakuweza kuja kwa mvua, hakuweza kuja kwa kuwa ni Ijumaa, lakini yeye mwenyewe kwenye theluji iliyowasimamisha madereva wa mabasi alikuja na gari lake kubwa, na gunia la mkaa lililobaki kwake tangu nyama choma za kiangazi. Alilibeba mwenyewe mpaka jikoni. Alikataa chai. Alisema, "Haya, bi mkubwa, mtilie mwanao moto, ahisi yuko kwao." Mama alimwombea dua mlangoni mpaka gari likapinda kona.

Mama aliuwasha mkaa nje, uani, kwenye theluji, kama anavyouwasha kwao. Akaupepea mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu. Hakuwa mzembe. Kila mpumbavu aliyenitazama baadaye kama kwamba nimezaliwa na mwanamke wa porini, nilitaka kumshika mabega nimwambie hivyo: hakuingiza moshi ndani. Alingoja moshi uishe, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, kwamba mbaya ni moshi. Akaipandisha seredani juu, akaitia chini ya kitanda, akaweka udi, akafunga mlango, akasukumia taulo.

Mimi niliporudi, adhuhuri imeshapita, nilisikia harufu ya udi tangu kwenye ngazi za nje. Niseme ukweli, nilifurahi. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, na harufu ile ilinipeleka kwetu moja kwa moja. Jikoni nikaliona gunia mezani, nikasema moyoni, kweli mama amepata mkaa wake, na yule bwana leo ametenda jambo. Nikaita. Hakuna aliyejibu. Nikadhani wamelala, na watu waliokesha na mtoto wana haki ya kulala.

Nilipousukuma mlango wa chumbani, joto lilinipiga usoni. Mdogo wangu alikuwa amelala chali, mashavu yamemwiva, mzuri kama bibi harusi. Mama alikuwa amekaa chini, kichwa amekiegemeza kitandani, mkono mmoja uko juu ya mtoto.

"Mama."

Alifungua macho, hakunitazama mimi, alitazama ukuta. "Kichwa," alisema. "Kichwa kinanigonga. Njaa hii." Akataka kuinuka, miguu ikakataa, akakaa tena, na ghafla akatapika kwenye buibui lake.

Nilimtikisa mdogo wangu. Kichwa chake kilikwenda huku na huku. Nilimnyanyua mtoto. Mtoto ambaye siku zote ukimgusa na mikono ya baridi huipasua nyumba kwa kilio, nilimgusa na mikono iliyotoka kwenye theluji, naye akakunja midomo tu.

Nilikimbilia dirishani. Zile kanga tulizozisokomeza zilikuwa zimelowa na kuganda, na fremu yenyewe ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi miaka na miaka mpaka haikufunguka tena. Nikavuta, kucha zikakatika. Hapo nadhani niligeuka kichaa. Nilishuka jikoni na mtoto kwapani, nikachukua mchi wa kinu, nikapanda tena, nikakipiga kile kioo mpaka hakikubaki kitu ila fremu. Theluji ikaingia chumbani, ikamwangukia mzazi kitandani. Nilikuwa nikilia, nikitukana, na sikuwa najua namtukana nani.

Kishindo cha kioo kilimtoa jirani yetu, mama wa Kihindi mtu mzima, mzaliwa wa Kisumu. Aliingia na viatu vya nyumbani vimejaa theluji, akanipokonya mtoto bila ya kuuliza kitu. "Wewe vuta dada, mimi nachukua huyu," alisema. "Fungua mlango yote! Yote!" Nilimburura mdogo wangu kwa mkeka mpaka kwenye ngazi, nikarudi kumchukua mama, ambaye hata hapo alikuwa akinisihi nimfunike binti yake, upepo utamwingia. Jirani ndiye aliyeita ambulansi. Iliposhindwa kupanda mtaa wetu, mumewe na wanawe walitoka na makoleo na mabati ya kuokea wakaichimbia njia.

Walipona. Nalisema mapema nisimweke mtu roho juu kama nilivyowekwa mimi, nimesimama kwenye korido ya hospitali nikimwangalia mtoto mchanga ndani ya kuba la plastiki, akivutishwa hewa safi. Daktari alinieleza kwamba mkaa, hata usio na moshi, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Chumba kikiwa hakina pa kutokea, watu hulala na hawaamki. Alinieleza vizuri, kwa upole. Kisha akaniuliza, "Hamkusikia maonyo?"

Nilimwambia tuliyasikia. Nilimwambia tuliyafuata yote.

Siku ya pili alikuja mwanamke wa ustawi wa jamii na kalamu yake, akakaa mbele ya mama, mimi nikiwa mfasiri. Aliuliza kama ni kawaida katika utamaduni wetu kuwasha moto chumbani kwa mtoto mchanga. Niliuhisi uso wangu ukiwaka. Mama alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, akajiweka sawa mtandio.

"Mwambie wote hawa wamezaliwa juu ya moto huo," alisema. "Mwambie kwetu madirisha hayana vioo, yana nondo na mbao, na ukuta haufiki kwenye paa. Nyumba yetu inapumua. Hii yao ilikuwa inapumua kwa tabu, na redio yao ikaniambia niizibe. Nimeiziba."

Nilifasiri kila neno. Yule mwanamke aliandika kitu kifupi mno kwa maneno yote yale. Matokeo yake mama akaambiwa kwamba mpaka uchunguzi uishe asiachwe peke yake na mtoto. Hilo nalo nililifasiri mimi, kwa mdomo wangu, nikamtazama mama akilipokea. Aliuliza kama kumbeba mbele ya watu inaruhusiwa. Nikamwambia inaruhusiwa. Hakumbeba.

Tuliporudi nyumbani, boila ilikuwa inanguruma. Fundi alikuwa amepatikana! Barafu ingalipo barabarani, na fundi alipatikana, na kioo kipya kilikuwa kimetiwa. Mwenye nyumba alisimama sebuleni na afisa wa nyumba wa mtaa, aliyekuja kukagua. Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anasema Kiingereza, kile Kiingereza chake cha biashara ambacho kwetu hakupata kukitumia. Alisema hawa watu wana mila zao. Alisema wapangaji wamevunja dirisha. Alisema kweli aliwapa mkaa, kwa wema, lakini yeye alielewa wanautaka kwa ajili ya bustani.

Bustani! Bustani ilikuwa chini ya theluji, haionekani hata kamba ya kuanikia.

Nilikwenda jikoni nikalichukua lile gunia. Hapo ndipo nilipolitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Mbele kabisa, kwa herufi nyekundu, na mchoro wa nyumba iliyopigwa mstari, palikuwa pameandikwa usiwashe ndani ya nyumba, unaweza kuua. Mdogo wangu anasoma Kiingereza, lakini alikuwa juu kitandani na gunia halikupanda ngazi. Mimi nasoma, lakini nilikuwa Wembley nikibonyeza kidude cha mzee wa watu. Mama anasoma Kurani na Kiswahili. Aliyelibeba gunia kifuani kutoka garini mpaka mezani, maandishi yakimtazama usoni, ni mtu mmoja tu. Nililiweka miguuni mwa afisa, nikamwomba asome kwa sauti. Alisoma. Nikamwambia mwenye nyumba, kwa Kiingereza, kwa sababu sikutaka tena tuwe na lugha moja, kwamba yeye amekaa nchi hii miaka mingi kuliko niliyoishi duniani, na bustani hiyo atuonyeshe. Sauti yangu ilifika kwa jirani. Haya iliniisha siku ile na haijarudi.

Afisa akamwamuru aweke kile kidude cha darini, papo hapo, kabla hajaondoka. Mwenye nyumba alikwenda kununua, akarudi na ngazi. Afisa alimtazama mpaka kikafungwa na kikalia, akatia saini yake, akaenda zake.

Tulibaki sisi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kochi na mtoto. Mama alikuwa kwenye kiti cha mlangoni, mbali nao, na sanduku lake liko pembeni limeshafungwa, kwa sababu alikuwa ameamua kurudi Unguja, na arobaini haijaisha. Seredani hakuipakia. Alikuwa ameipeleka uani mwenyewe.

Mwenye nyumba alikuwa juu ya ngazi bado, akikaza skrubu iliyokwishakazwa. Kiswahili chake kikarudi. Kilirudi kitamu vilevile.

"Bi mkubwa, usinifikirie vibaya. Mambo ya ofisi haya, mtu husema la kusema. Mimi na nyinyi ni wamoja."

Mama alikiangalia kile kidude cheupe.

"Hicho kinasema Kiswahili?" aliuliza.

Mwenye nyumba akacheka, akafurahi kuulizwa. "Hapana, bi mkubwa. Hakisemi chochote, kinalia tu kikiona hatari."

"Afadhali hicho," alisema mama. "Wewe unakisema, na hukutwambia."

Mwenye nyumba alishuka, akaikunja ngazi yake, akatoka nayo, akauacha mlango wazi. Upepo ukaingia mpaka sebuleni, ule ule wa mashariki. Niliinuka haraka kwenda kuufunga, kwa ajili ya mzazi.

"Wacha," mama akaniambia. "Wacha uingie."